Maisha ya mji na maradhi ya ovari: mzigo ambao mwanamke asiachiwe peke yake

"Ana uvimbe kwenye mayai." Kauli hii imekuwa ya kawaida katika nyumba za mji wetu wa Dar es Salaam, na aghalabu hutoka kwenye karatasi ya altrasaundi iliyokunjwa mara nne ndani ya mkoba. Mama mkwe akiisikia hufikiria upasuaji. Mume akiisikia hufikiria nyumba isiyo na mtoto. Binti mwenyewe, aliyekwenda hospitali kwa sababu hedhi imekatika miezi minne, hufikiria saratani. Mara nyingi wote watatu huwa wamekwenda mbali kuliko ukweli, kwani kinachotajwa hapo si uvimbe kwa maana tuliyoizoea, kwa kawaida hakihitaji kisu, wala hakimaanishi kuwa mlango wa uzazi umefungwa.

Hospitalini maradhi haya huandikwa kwa herufi nne, PCOS. Hukadiriwa kuwa humpata mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa, na Shirika la Afya Duniani linasema kuwa wengi wa wenye nayo hawajui kuwa wanayo. Upande wa kina mama wa msikiti wenye waumini 60, hao ni kiasi cha sita.

Anayeandika haya si tabibu. Ni katibu wa kamati ya msikiti, na huenda msomaji akauliza jambo hili linamhusu nini. Jibu ni kwamba mashauri ya ndoa huanzia kwetu kabla ya kwenda mbele zaidi, na yapo mashauri ambayo ukiyafumua uzi kwa uzi unakuta chini yake hedhi isiyokuja, mtoto asiyepatikana, na mume anayehimizwa na jamaa zake aoe mwingine au aache. Jambo linalozivunja nyumba za Waislamu haliwezi kuwa jambo la kliniki peke yake.

Tuanze na maumbile. Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa mji wa mimba. Ndani yake mna mayai, na kila yai liko katika kijifuko chake. Katika kila mzunguko vijifuko kadhaa huanza kukua, kimoja huwatangulia wenzake, hupevuka, kisha hupasuka na kuliachia yai. Katika maradhi haya vijifuko huanza safari vikasimama njiani. Yai halipevuki kwa wakati wake, na vijifuko vilivyokwama hubaki vimejipanga ukingoni mwa ovari mithili ya shanga. Hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye altrasaundi. Si majipu, si fibroidi, si saratani.

Kinachovikwamisha ni homoni. Mwili wa kila mwanamke hutengeneza kiasi kidogo cha homoni za kiume, na hapa kiasi hicho huzidi. Ndiyo maana wengine hutokwa na chunusi kidevuni hata baada ya ujana kupita, wengine huota ndevu au nywele kifuani, na wengine nywele za utosini hupungua mpaka wakaogopa kuvua mtandio mbele ya wanawake wenzao. Wapo wanaokimbilia krimu za kujichubua ili kuficha hayo madoa, wasijue kuwa nyingi ya krimu hizo zina dawa aina ya steroidi, ambayo yenyewe huleta chunusi na huweza kuvuruga homoni zaidi.

Halafu kuna insulini, na hapa tunaomba msomaji avute subira kidogo, maana ndiyo roho ya makala hii. Insulini hutengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuzifungulia seli za mwili ziipokee sukari iliyo katika damu. Kwa wanawake wengi wenye maradhi haya seli zimekuwa nzito wa kusikia. Kongosho likiona haliitikiwi hupaza sauti: huongeza insulini. Lakini ovari haina uziwi huo. Insulini nyingi ikiifikia huichochea itoe homoni za kiume zaidi, na wakati huohuo hulifanya ini lipunguze kutengeneza protini ambayo kazi yake ni kuzifunga homoni hizo zisizurure. Homoni za kiume zikizidi, yai halipevuki; mwili ukinenepa kiunoni, seli huzidi kuwa nzito wa kusikia; na kongosho hupaza sauti tena. Dalili moja ya hali hii huonekana kwa macho: weusi mzito kama mahameli shingoni na makwapani, ambao mama nyumbani huudhania kuwa uchafu na kumwambia binti akajisugue vizuri.

Maradhi haya si mapya, wala hayakuletwa na chipsi. Mwaka 1935 matabibu wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokuwa na ovari za namna hii na hedhi iliyopotea. Tena yana asili katika nasaba: mwanamke mwenye nayo, mara nyingi utamkuta dada yake au mama yake alikuwa na hali kama hiyo bila kuijua jina. Kwa hiyo si haki kumwambia mgonjwa kuwa amejitakia. Mbegu amezaliwa nayo. Tunachokilaumu mjini ni udongo na maji ambayo mbegu hiyo imepewa.

Utazame mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wanaishi Chanika, Mbagala, Bunju au Kigamboni, na riziki yao iko Kariakoo, Posta au viwandani. Mwanamke mwenye duka la vitenge au kibarua cha ofisini huondoka kwake saa 10 alfajiri, huswali njiani au kazini, hukaa kwenye daladala saa nzima au mbili, hukaa dukani kutwa, kisha hukaa tena kwenye foleni ya kurudi. Akifika nyumbani saa 2 usiku, ndipo jiko linawashwa. Familia hula saa 4 usiku na kulala baada ya saa 5, na baina ya hapo ziko simu, tamthilia, na mtoto asiyetaka kulala. Hesabu hiyo inampa usingizi usiofika saa tano.

Usingizi si anasa. Mwaka 2010 watafiti wa Leiden nchini Uholanzi waliwachukua watu wachache wenye afya njema, wakawaacha walale kwa muda wa saa nne tu usiku mmoja, na asubuhi yake wakakuta miili yao inaitikia insulini kwa uzito kuliko baada ya kulala usiku mzima. Huo ni usiku mmoja, kwa watu wasio na maradhi. Mwanamke ambaye seli zake tayari ni nzito wa kusikia, tena analala hivyo mwaka mzima, unaweza kukisia hali yake.

Na yule anayebaki nyumbani hana nafuu kubwa. Bibi zetu wa Rufiji, Kilwa na Pangani walitwanga, waliteka maji, walilima na kuokota kuni, na msuli wao ulikuwa kazini tangu jua kuchomoza. Hatusemi kuwa walikuwa na raha, kwani wengi walikufa katika uzazi na walizeeka wakiwa bado vijana. Hakuna mwenye akili anayetaka turudi kwenye kinu na mtungi. Lakini mji ulipoondoa kinu na mtungi haukuweka kitu mahali pake. Unga unakuja umesagwa, maji yako bombani au kwenye madumu yaliyoletwa na mkokoteni, na kitunguu kimoja cha gengeni huagizwa kwa bodaboda. Mwanamke anayetaka kutembea kwa mguu hukuta barabara haina njia ya waenda kwa miguu, vibaka wanavizia mikoba, na akitembea kwa haraka na buibui lake peke yake jioni, mtaa mzima utauliza anakwenda wapi. Kwa hiyo hukaa.

Kukaa huko kuna gharama, kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa haisikilizwi vizuri. Hii ni rehema iliyowekwa katika maumbile. Matembezi ya robo saa baada ya chakula huishusha sukari ambayo vinginevyo ingelilazimisha kongosho lipige kelele.

Tuje kwenye sahani. Asubuhi ni chapati mbili au maandazi na chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Mchana ni wali wa kwa mama lishe au chipsi mayai, na soda. Jioni ni ugali wa sembe, mlima wa ugali na kijiko cha mchicha pembeni. Hakuna haramu hapo. Lakini ukikichambua chakula hicho utakuta karibu chote ni wanga uliokobolewa na sukari, vitu vinavyoingia katika damu kwa kishindo. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 peke yake ina takriban gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai, hali ya kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ingekuwa bora zaidi aishie 25. Katika shughuli zetu mgeni hupewa soda mbili, na akikataa ya pili mwenye shughuli hununa.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Sisi watu wa pwani tuna ugumu wetu hapa, kwani unene kwetu ni dalili ya mume kumtunza mke, na bibi harusi mwembamba husemwa. Sifa hiyo inawagharimu baadhi ya watoto wetu.

Hata hivyo, mtu asichukue makala hii akaenda nayo kwa jirani mnene kumfundisha adabu ya kula. Wapo wanawake wembamba wenye maradhi haya, na wapo wanene wengi wasio nayo. Unene huyachochea, si sharti lake.

Kuna jambo jingine la mjini ambalo wataalamu bado wanalichunguza: plastiki. Kemikali iitwayo BPA, inayotumika katika baadhi ya plastiki ngumu na katika rangi ya ndani ya makopo ya vyakula, huweza kuiga homoni mwilini, na tafiti kadhaa zimekuta kiwango chake kiko juu zaidi kwa wanawake wenye PCOS. Hilo halithibitishi kuwa ndiyo chanzo. Lakini tunaona wenyewe jinsi chakula cha moto kinavyotiwa katika plastiki na kubanwa fundo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na kapu la ukili likarudi kwa heshima. Kumpelekea mama lishe bakuli la udongo au hotipoti la chuma haligharimu kitu.

Sasa kuhusu kipimo. Karibu kila mtaa una mahali pa altrasaundi, na binti wa miaka 15 hupelekwa leo kwa maumivu ya tumbo na kurudi na jina la maradhi ya maisha. Wazazi walijue hili: picha peke yake haitoshi. Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 vinataka mwanamke awe na mambo mawili katika matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi (kwa macho au kwa damu), na ovari zenye vijifuko vingi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umeongeza kuwa altrasaundi isitumike kumhukumu msichana ambaye haijapita miaka minane tangu alipovunja ungo, kwa sababu ovari za wasichana kwa kawaida huwa na vijifuko vingi. Aidha, tabibu makini hupima kwanza tezi ya shingo na homoni ya maziwa, kwani zote mbili zikiharibika huvuruga hedhi vilevile. Kisha hupima sukari na shinikizo la damu, maana mwenye PCOS yuko karibu zaidi na kisukari kuliko wenzake, na akishika mimba yuko karibu zaidi na kisukari cha mimba.

Tiba haina muujiza, na hilo ndilo linalowapeleka watu kwa wauza vichupa. Wako wanaozunguka na dawa za "kusafisha kizazi" na "kuyeyusha uvimbe", na wako wanaosema ni jini mahaba. Hakuna anayemkataza mtu kutia habbasauda katika asali yake asubuhi, na kisomo ni kheri kwa kila mgonjwa. Lakini kumlipa mtu fedha za matibabu ili ayeyushe uvimbe ambao si uvimbe ni kuitupa amana. Mwezi unapita, miaka inapita, na umri wa kuzaa haurudi nyuma.

Tabibu atasema mambo matatu au manne. La kwanza ni chakula na mwendo. Kwa aliyenenepa, kupungua kiasi cha 5 katika kila 100 ya uzito wake mara nyingi hutosha kuirudisha hedhi katika njia. Kwa mwenye kilo 80, hizo ni kilo nne, si kilo thelathini. Mwongozo wa 2023 hauchagui chakula kimoja kuwa bora kuliko kingine, kwa hiyo hapana haja ya vyakula vya kuagizwa. Dona badala ya sembe, kunde na choroko, samaki, mboga nusu sahani, matunda yaliwe badala ya kukamuliwa, na chai ianze kupunguziwa kijiko kimoja kimoja. Mwendo unaoshauriwa kwa wiki ni dakika 150 hadi 300 za kutembea kwa haraka au kazi inayofanana nayo, pamoja na siku mbili za kutumikisha misuli.

La pili ni metformini, dawa ileile ya kisukari, inayozisaidia seli kusikia. Siku za mwanzo hulegeza tumbo, na kuila pamoja na chakula hupunguza adha hiyo. La tatu, kwa anayetafuta mtoto, ni dawa ya kulipevusha yai. Inayotangulizwa siku hizi ni letrozoli, na wengi hupata mimba kwayo chini ya uangalizi wa daktari.

La nne ndilo linalozua mgogoro. Daktari humwandikia binti ambaye hajaolewa vidonge vya homoni, vilevile vinavyotumika katika uzazi wa mpango, na baba akivikuta chumbani mambo huharibika. Baba huyo anatakiwa ajue kilichomo. Hedhi isiyokuja si pumziko. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba huendelea kujengeka bila kubomolewa, na ukiachwa hivyo miaka mingi hatari ya saratani ya ukuta huo huongezeka. Vidonge hivyo huuwekea mpaka, hushusha homoni za kiume na hupunguza chunusi na ndevu. Ni dawa kama dawa nyingine, na haja iliyomfanya aitumie ndiyo inayozingatiwa. Binti asiyekuwa na siri mbele ya mama yake, naye mama akamweleza baba kabla hajakuta pakiti kwa bahati mbaya, atakuwa ameepushiwa dhulma kubwa.

Turudi kwenye mashauri ya ndoa. Sura yake ni ileile: miaka miwili au mitatu ya ndoa, hakuna mtoto, mke amezunguka hospitali tatu na waganga wawili, na ukiuliza, "Na wewe bwana, umepima?" kimya kinatanda. Kipimo cha mbegu za mwanamume ni rahisi kuliko karibu vyote alivyofanyiwa mkewe. Karibu nusu ya matukio ya kuchelewa kupata mtoto, upande wa mume una sehemu yake. Mume anayemwoa mke wa pili kabla hajapima huenda anahamisha swali kutoka nyumba moja hadi nyingine. Hatuzungumzi hapa juu ya kuoa mke wa pili, ambalo sheria imeliruhusu kwa masharti yake. Tunazungumza juu ya kumhukumu mtu bila ushahidi, jambo ambalo hakuna kikao cha sulhu kingelikubali hata katika kesi ya kuku.

Na mawifi na mashemeji, kwa heshima zote, waache kuuliza "vipi, bado?" kwenye kila shughuli. Wanawake wenye maradhi haya hupatwa na huzuni na wasiwasi zaidi kuliko wengine, kiasi kwamba mwongozo uliotajwa umewataka madaktari wote wawaulize kuhusu hali ya nafsi zao. Dhiki nayo hukata usingizi, na tumekwisha kueleza usingizi ukikatika hutokea nini.

Kuna maswali ya ibada ambayo kina mama huona haya kuyauliza. Maradhi haya huweza kuikata hedhi miezi, kisha damu ikaja na isikome. Mwanamke ambaye hedhi haijaja, hata ikipita nusu mwaka, yuko katika twahara, na swala na funga viko juu yake kama kawaida. Damu ikipitiliza siku 15, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi pwani, iliyopitiliza ni istihadha: huswali, akajisafisha, akajihifadhi, na kutia udhu kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Siku zipi kati ya hizo zihesabiwe hedhi inategemea ada yake na sifa za damu, na hapo amuulize mwenye elimu. Fatima binti Abi Hubaysh alimuuliza Mtume (S.A.W.) mwenyewe habari ya damu isiyokatika, na hakuona haya. Aliyeachwa, ambaye hedhi yake haieleweki, asijihesabie eda peke yake. Wanazuoni wamelieleza jambo hilo kwa urefu na wametofautiana. Na kwa upande wa hospitali, damu nyingi ya siku kumi na tano haisubiri mwezi ujao.

Ramadhani inataka neno lake. Funga inaweza kuwa nafuu kwa mwili wa namna hii, lau si meza ya futari. Kaimati zilizochovywa katika shira, tambi za sukari, vitumbua, mihogo ya nazi na jagi la juisi, vyote vikishuka kwa pamoja baada ya saa kumi na tatu za njaa, huamsha insulini kwa kishindo kuliko siku ya kawaida. Kisha watu hukesha, daku huliwa usiku wa manane, na mchana hulalwa. Anayetumia metformini kwa kawaida huweza kuigawa baina ya futari na daku kwa ushauri wa daktari wake, na dawa hiyo ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Amuone daktari katika Shaaban, asingoje mwezi uandame.

Yote haya mwanamke hawezi kuyafanya peke yake. Hawezi kupika sufuria mbili, moja ya dona ya kwake na nyingine ya sembe ya mume na watoto. Hawezi kulala mapema katika nyumba ambayo runinga inanguruma mpaka saa 6 usiku. Mume akila dona, dona itapikwa. Mume akitoka naye baada ya Isha wakatembea mpaka msikiti wa mtaa wa pili na kurudi, hakuna wa kuuliza anakwenda wapi.

Na misikiti ina ilichonacho. Katika msikiti tunaouhudumia, ukumbi wa madrasa hukaa mtupu tangu baada ya Alfajiri mpaka watoto wanapokuja alasiri. Kina mama waliuomba kwa ajili ya mazoezi, na kamati ilikaa vikao viwili juu ya ombi hilo. Mzee mmoja alipinga kwamba nyumba ya elimu haitageuzwa uwanja wa michezo. Mwingine, mwenye mabinti watano, aliuliza tu: kama si hapa penye kuta na pazia, tunataka wakafanyie wapi? Hapakuwa na jibu. Sasa Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, mlango hufungwa kwa ndani na ufunguo anakaa nao muuguzi mstaafu anayewaongoza. Hunyoosha viungo, huzunguka ukumbi kwa haraka, na humaliza kwa kunyanyua chupa za maji za lita moja na nusu. Mahitaji yao ya mwanzo yalikuwa feni moja na mkeka. Kamati nyingine yenye ukumbi wa namna hiyo haina haja ya mfadhili.

Kwa anayekusudia kumuona daktari wa kina mama, katika hospitali ya mkoa au Muhimbili kwa rufaa, asiende mikono mitupu. Achukue kalenda ya msikiti, ile iliyotundikwa sebuleni, au daftari dogo kama anaona haya wageni wasiione, aweke alama siku damu ilipoanza na siku ilipokoma kwa miezi sita iliyopita kadiri anavyokumbuka, na aendelee kuweka. Aandike dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji, hata krimu ya uso. Aulize kwa mama yake na dada zake nani ana kisukari. Kama ameolewa na anatafuta mtoto, waende wawili. Na kama siku 90 zimepita bila hedhi na kipimo cha mimba hakioneshi kitu, asingoje daftari lijae.